Moshi wa jikoni: Ushuru pia ni dawa, ila dozi lazima iwe sawa

KILA mwaka, mwezi wa Juni, Waziri wa Fedha anapoingia Bungeni na mkoba wake, wananchi hutega masikio kwa mambo machache tu. Mnywaji hutaka kujua kama bia imepanda. Mvutaji huuliza kuhusu sigara. Mama wa nyumbani husubiri habari za unga na sukari. Ni nadra kumpata mtu anayeisikiliza hotuba ile huku akiyafikiria mapafu yake.

Hata hivyo, msomaji, mistari michache ya hotuba hiyo, ile inayohusu gesi, mafuta taa na vifaa vya miale ya jua, yaweza kuamua ni watoto wangapi watakaokohoa katika mtaa wenu mwaka utakaofuata. Sisi madaktari huandika dawa kwenye karatasi baada ya mtu kuugua. Serikali nayo ina karatasi yake ya kuandikia dawa, nayo ni sheria ya ushuru. Leo tutazungumzia vivutio ambavyo serikali huweka ili watu watumie kawi safi, hasa ile isiyokwisha kama jua, upepo, maji na mvuke wa ardhini. Tutaona vivutio gani hufaulu, vipi hushindwa, na kwa nini jambo hili ni la afya yako.

MOSHI UNAVYODHURU MWILI

Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, WHO, hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 ulimwenguni mwaka 2020. Kati ya hao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Sababu kubwa ni kupika na kuangaza nyumba kwa kuni, makaa, kinyesi cha mifugo na mafuta taa.

Moshi unaouona si tatizo lote. Ndani yake mna chembechembe ndogo mno, ambazo unywele wa binadamu ni mnene kuzishinda mara 30 hivi. Pua haiwezi kuzichuja. Huteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Kwa mtoto mchanga matokeo yake ni nimonia ya mara kwa mara. Kwa mtu mzima ni ugonjwa sugu wa mapafu, maradhi ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Mama mjamzito anayevuta moshi huo kila siku yumo katika hatari ya kujifungua mtoto mwenye uzani mdogo. Aidha, wanawake wanaopika kwa moshi miaka mingi hupatwa zaidi na mtoto wa jicho.

Makaa yana hatari nyingine ambayo haina rangi wala harufu. Yanapowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni mara zaidi ya 200. Ndiyo sababu familia nzima yaweza kulala na jiko chumbani wakati wa baridi ya Julai na isiamke.

Wakazi wengi wa mijini hudhani kwamba stovu ya mafuta taa ni salama kwa kuwa moshi wake hauonekani sana. Hilo si kweli. Tangu mwaka 2014, WHO imekuwa ikishauri mafuta taa yasitumiwe majumbani, kwa sababu ya uchafu wake katika hewa, ajali za moto, na watoto wanaoyanywa wakidhani ni maji au soda.

KWA NINI TUNAENDELEA KUTUMIA MOSHI?

Mgonjwa mwenye kikohozi kisichokwisha anapoketi mbele yangu, humwuliza kama anavuta sigara, kisha humwuliza anapika kwa kutumia nini. Akina mama wengi hunijibu bila kusita, na wengi huongeza wenyewe kwamba wanajua moshi ni mbaya. Kwa hiyo mafunzo peke yake hayatoshi. Mama anajua, shida iko mfukoni.

Mafuta taa hupimwa kwa kikombe. Makaa huuzwa kwa mkebe. Kibarua anayelipwa jioni anaweza kununua kawi ya usiku huo na kubakisha nauli ya kesho. Gesi hudai pesa zote kwa pamoja, za mtungi kwanza, na za kujaza kila unapokwisha. Ukipiga hesabu ya mwezi mzima, mara nyingi anayenunua kidogo kidogo ndiye anayelipa zaidi, lakini hana njia ya kupata fedha za mkupuo mmoja.

Sensa ya mwaka 2019 ilithibitisha hali hiyo. Katika kila nyumba 100 za Kenya, 55 zilikuwa zikipika kwa kuni, 24 hivi kwa gesi, 12 hivi kwa makaa na karibu 8 kwa mafuta taa. Zilizopika kwa umeme hazikufika hata nyumba moja kwa kila 100. Katika mwangaza tulikuwa tumepiga hatua: nusu ya nyumba ziliangaza kwa stima na 19 kati ya kila 100 kwa miale ya jua. Tofauti hii ni muhimu, nasi tutairudia.

Daktari akishajua chanzo cha ugonjwa ndipo huchagua dawa. Kama chanzo ni bei na namna ya kulipa, basi dawa nayo lazima iguse bei na namna ya kulipa.

AINA ZA DAWA

Serikali zina njia kadhaa za kuwavuta watu na makampuni kwenye kawi safi.

Ya kwanza ni msamaha wa ushuru. Kifaa cha jua au gesi ya kupikia huondolewa ushuru ili bei ishuke dukani.

Ya pili ni ruzuku, ambapo serikali hulipa sehemu ya gharama kwa niaba ya mnunuzi.

Ya tatu ni bei iliyowekwa na serikali na kudhaminiwa kwa miaka mingi. Mwenye kuzalisha umeme wa upepo au jua huahidiwa kwamba kila uniti atakayoiingiza katika laini ya taifa itanunuliwa kwa bei fulani. Kenya ilianzisha mpango wa namna hii mwaka 2008 na kuufanyia marekebisho mwaka 2010 na 2012.

Ya nne ni mnada. Serikali hutangaza kiasi cha umeme inachohitaji, na kampuni inayokubali bei ya chini ndiyo hupewa kazi. Mwaka 2021 Kenya iliamua kuelekeza miradi ya jua na upepo kwenye minada, huku bei ya kudhaminiwa ikibakia kwa miradi midogo ya maji, gesi ya samadi na mabaki ya mimea.

Ya tano humhusu mwenye nyumba au kiwanda chenye paneli juu ya paa. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliweka msingi wa mteja mwenye mtambo usiozidi kilowati 1,000 kuuingiza umeme wake wa ziada katika laini ya taifa na kupunguziwa bili yake.

Kila mojawapo ya njia hizi ina manufaa na madhara yake, kama vile dawa ya malaria isivyofaa kutibu kisukari.

WALIOTANGULIA WALIONA NINI?

Tuanze na Ujerumani. Mwaka 2000 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyompa mzalishaji wa umeme wa jua na upepo bei ya kudhaminiwa kwa miaka 20. Ujanja wa sheria hiyo ulikuwa mmoja: bei kwa wanaojiunga wapya ilikuwa ikishuka mwaka hadi mwaka. Aliyejenga mapema alipata zaidi, na viwanda vilisukumwa kutafuta njia za kutengeneza vifaa kwa gharama nafuu. Wakulima, vyama vya ushirika na watu wa kawaida waliweka paneli mapaani mwao. Soko hilo lilichangia pakubwa kushusha bei ya paneli duniani kote, pamoja na zile zinazouzwa leo katika maduka ya Nairobi.

Hata hivyo, dawa ile ilikuwa na gharama. Malipo yaliongezwa kwenye bili za wateja, huku viwanda vingi vikubwa vikisamehewa. Mwenye nyumba ndogo isiyokuwa na paneli alijikuta akimchangia jirani yake mwenye paa kubwa. Mwezi wa Julai 2022 serikali iliondoa ada hiyo kwenye bili na kuanza kuugharamia mpango kwa hazina yake.

Uhispania nayo ilipitisha dozi. Mwaka 2007 iliweka bei nono kwa umeme wa jua bila kuweka kikomo madhubuti. Lengo lilikuwa kufikia megawati 400 ifikapo mwaka 2010. Katika mwaka 2008 peke yake zilijengwa zaidi ya megawati 2,500. Deni likafura, na kuanzia mwaka 2010 serikali ikaanza kupunguza malipo hata kwa mitambo iliyokuwa imekwisha kujengwa. Familia zilizokopa benki ziliumia, na wawekezaji wa kigeni wakaishtaki nchi hiyo mbele ya mabaraza ya kimataifa. Ndivyo inavyokuwa mgonjwa anapopewa dawa nyingi mno, kisha akakatiziwa ghafla.

India yatupa funzo linalotuhusu zaidi kwa kuwa lilihusu jikoni. Mwezi wa Mei 2016 serikali ilianza kuwagawia wanawake wa familia maskini vifaa vya kuanzia gesi. Kufikia Septemba 2019, familia milioni 80 zilikuwa zimeunganishwa. Lakini mtungi ulipokwisha, mama alitakiwa kulipa bei kamili kwanza, kisha arudishiwe sehemu yake kupitia benki. Wengi waliuweka mtungi kando kama pambo na kurudia kuni na samadi. Hatimaye, mwaka 2022, serikali iliamua kuwapa familia hizo ruzuku maalum ya rupia 200 kwa kila mtungi wanaojaza, ikaongezwa hadi rupia 300 mwaka 2023. Funzo ni kwamba kumpa mtu mtungi wa kwanza ni rahisi. Kazi iko kwenye mtungi wa pili, wa tatu na wa kumi.

DOZI INAYOBADILIKA KILA MARA

Sasa turudi nyumbani. Mgala muue na haki yake mpe: Kenya ina mengi ya kujivunia. Karibu asilimia 90 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Si nchi nyingi, hata tajiri, zinazoweza kusema hivyo.

Ila tazama tulivyofanya na ushuru. Mwaka 2013 sheria mpya ya VAT ilivitoza ushuru vifaa vya miale ya jua. Mwaka 2014 ukaondolewa. Mwaka 2020 ukarudishwa. Mwaka 2021 ukaondolewa tena. Fundi wa sola aliyekopa ili kuleta mzigo alikuwa hajui bei ya mwaka ujao itakuwaje, na mzazi aliyekuwa akiweka akiba ili kununua taa ya jua alikuta bei imemkimbia.

Gesi imepitia hali iyo hiyo. Mwaka 2016 iliondolewa VAT, na nyumba nyingi za mijini zikaanza kuitumia. Julai 2021 ushuru wa asilimia 16 ukarudi. Bei za dunia nazo zilikuwa zikipanda wakati huo, na mwaka 2022 kujaza mtungi wa kilo 13 kulipita Sh3,000. Julai 2022 ushuru ulipunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka 2023 ukaondolewa.

Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza vidonge wiki mbili na kuacha wiki mbili haponi. Afadhali kivutio kidogo kinachojulikana kitadumu miaka 10 kuliko kikubwa kinachofutwa kila Juni. Familia inayonunua jiko jipya inafanya uamuzi wa miaka mingi. Haiwezi kuufanya vyema ikiwa sheria hubadilika kila mwaka.

MADHARA YA DAWA

Mwaka 2018 serikali iliweka ada ya Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa. Nia ilikuwa kuwazuia wafanyabiashara waliokuwa wakiyachanganya na dizeli, kwa vile mafuta taa yalikuwa rahisi zaidi. Kwa injini za magari ilikuwa hatua nzuri. Kwa mapafu pia ingekuwa nzuri, iwapo kila aliyeacha mafuta taa angehamia kwenye gesi au umeme.

Hapo ndipo penye shaka. Mwaka huo huo ukataji miti katika misitu ya umma ulipigwa marufuku, na makaa yakapanda bei. Kisha mwaka 2021 gesi ikatozwa VAT. Mama wa mtaa wa mabanda alijikuta amefungiwa mlango wa mafuta taa, wa makaa na wa gesi kwa pamoja. Asiyekuwa na chochote huokota: vipande vya mbao, mabaki ya mijengo, hata plastiki. Moshi wa mbao zilizopakwa rangi na wa plastiki una sumu kuliko ule wa kuni za kawaida. Fimbo ya ushuru inafaa tu ikiwa mlango mwingine umeachwa wazi na mwananchi ana uwezo wa kuupitia.

Dhara la pili huhusu ubora. Serikali ilipojaribu kuuza mitungi ya kilo sita kwa bei ya ruzuku kwa familia zenye kipato cha chini, mradi huo ulikwama mwaka 2018 baada ya mitungi mibovu kugunduliwa. Mama akiogopa kwamba mtungi utamlipukia, hautampa faida hata ukiwa wa bure. Vile vile taa ya jua inayokufa baada ya miezi mitatu humrudisha mtu kwenye koroboi, na humfanya awaambie majirani kwamba sola ni ulaghai.

Dhara la tatu ni dhamana isiyoendana na kazi. Mradi wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye tubini 365 na uwezo wa megawati 310, ni fahari ya nchi. Lakini tubini zilikuwa tayari mwaka 2017, na laini ndefu ya kuusafirisha umeme kutoka Loiyangalani hadi Suswa haikukamilika hadi Septemba 2018. Kwa kuwa mkataba uliahidi malipo, nchi ilidaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukufika hata kwenye balbu moja.

Dhara la nne halionekani upesi. Msamaha wa ushuru humnufaisha anayenunua. Mwenye jumba la kifahari anayeweka paneli 40 hupata msamaha mkubwa kuliko mwenye chumba kimoja anayenunua taa moja. Asiyenunua chochote hapati lolote. Ndiyo maana msamaha wa ushuru peke yake hauwezi kuwa sera ya maskini.

HEWA NI YA MTAA MZIMA

Kuna jambo ambalo sisi madaktari tumelazimika kulikubali kwa unyenyekevu. Katika uchunguzi mkubwa uliofanywa Guatemala, India, Peru na Rwanda, akina mama wajawazito wapatao 3,200 walishirikishwa. Nusu walipewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18, na nusu wakaendelea na kuni. Matokeo yalianza kuchapishwa mwaka 2022. Chembechembe katika hewa waliyoivuta wale wa gesi zilipungua kwa zaidi ya nusu. Hata hivyo, hapakuwa na tofauti kubwa katika uzani wa watoto waliozaliwa wala katika idadi ya waliopatwa na nimonia kali.

Je, hii ina maana kwamba moshi hauna madhara? La. Wataalamu bado wanajadiliana juu ya sababu, na lishe, chanjo, msongamano na maradhi mengine yote huchangia nimonia. Lakini jambo moja ni wazi kwa yeyote anayeishi katika ploti: ukizima jiko lako la makaa na majirani tisa wakaendelea, moshi wao huingia kwako kupitia dirishani. Hewa haigawanywi kwa vyumba.

Kwa hiyo sera inayolenga nyumba moja moja, hapa na pale, yaweza kutumia fedha nyingi na isimponye mtu. Afadhali mtaa mzima, au kijiji kizima, uhamishwe kwa pamoja, kama tufanyavyo katika kampeni za chanjo. Hatuchanji mtoto mmoja katika kila nyumba ya kumi, tukatarajia kuimaliza surua.

Niseme pia wazi kwamba gesi si kawi isiyokwisha. Hutokana na mafuta na huagizwa kutoka nje kwa pesa za kigeni. Ni safi kwa mapafu ya mpishi, basi. Kawi ya kudumu ya kupikia hapa kwetu ni umeme wenyewe, kwa sababu sehemu yake kubwa tayari hutokana na mvuke wa ardhini, maji na upepo. Ajabu ni kwamba namna tunavyotozwa humtia hofu mpishi. Tangu mwaka 2023, mteja wa nyumbani anayetumia uniti 30 au chini kwa mwezi hutozwa bei ya chini, wa hadi uniti 100 bei ya kati, na anayepita hapo bei ya juu. Anayetumia umeme kwa balbu na redio tu yumo katika daraja la kwanza. Siku anapoanza kuchemsha maharagwe kwa umeme, aweza kupandishwa daraja. Yule tunayetaka kumvuta ndiye tunayemtoza zaidi. Pangekuwa na bei maalum ya kupikia, hasa kwa saa ambazo mitambo ya Olkaria huwa na umeme wa ziada, sensa ijayo ingesimulia mengine.

VITUO VYA AFYA NAVYO

Kawi ya jua haihusu jikoni tu. Chanjo nyingi hutakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Stima ikipotea siku mbili katika zahanati ya mbali, chanjo zaweza kuharibika. Mama akijifungua usiku, mkunga anahitaji taa anayoiamini. WHO na washirika wake walikadiria mwaka 2023 kwamba karibu watu bilioni moja katika nchi za kipato cha chini na kile kinachofuata huhudumiwa na vituo vya afya visivyo na umeme wa kutegemewa, au visivyo na umeme kabisa.

Mpango wa serikali na Benki ya Dunia wa kupeleka kawi ya jua katika kaunti 14 zilizosahauliwa, zikiwemo Turkana, Marsabit, Mandera, Wajir na Lamu, ulivijumuisha vituo vya afya. Hili ni jambo jema. Lakini atakayebadilisha betri baada ya miaka mitano ni nani? Paneli huishi miaka 20 na zaidi. Betri huchoka mapema. Malipo kwa mkandarasi yanapaswa kugawanywa, sehemu alipwe anapofunga mtambo, na sehemu alipwe kila mwaka taa zikiwa bado zinawaka.

SERA NZURI IWE NAMNA GANI?

Nikijumlisha yote, cheti cha dawa ningekiandika hivi:

1. Kivutio kiwe na muda unaojulikana, na kipungue polepole kwa ratiba iliyotangazwa mapema. Kisifutwe kwa usiku mmoja.

2. Ushuru wa kawi chafu usipandishwe kabla kawi safi haijafika mtaani kwa bei inayoweza kulipwa.

3. Msaada ufuate matumizi, si kifaa tu. Mwananchi asaidiwe kujaza mtungi na kulipia uniti za kupikia, kwa kiasi kidogo kidogo. Tayari tumejifunza kulipia taa za jua kila siku kwa simu. Utaratibu huo huo wafaa jikoni.

4. Fedha ziende kwanza kwa mwenye moshi mwingi na pato dogo.

5. Kifaa kisichotimiza viwango kisipate msamaha wowote.

6. Matokeo yapimwe. Tuhesabu uchafu wa hewa na wagonjwa wa kifua katika zahanati za mtaa. Idadi ya mitungi iliyogawiwa haitoshi.

WAKATI UKISUBIRI SERIKALI

Msomaji, kinga ni bora kuliko tiba, na kuna mengi uwezayo kuyafanya leo.

Usilale kamwe na jiko la makaa chumbani, hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo. Liwashie nje na ulizimie nje.

Usimbebe mtoto mgongoni unapopika kwa kuni au makaa. Mwachie mtu mwingine, mbali na moshi.

Maharagwe na githeri huloweshwa usiku ili yaive upesi. Kama una stima, jungu la umeme la kukandamiza mvuke huivisha vyakula hivyo kwa umeme kidogo kuliko watu wanavyodhani. Jaribu kwa mwezi mmoja na ulinganishe na gharama ya makaa.

Mafuta taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto akiyanywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala maji ya chumvi, kwa maana akitapika mafuta yaweza kuingia mapafuni. Mvue nguo zilizomwagikiwa, mwoshe, kisha mkimbize hospitalini hata kama anaonekana mzima.

Mtungi wa gesi usimame wima mahali penye hewa. Ukisikia harufu yake, fungua milango na madirisha, funga mtungi, wala usiguse swichi ya taa. Unaponunua taa au paneli ya jua, dai risiti na dhamana ya maandishi.

Mwisho, kumbuka haki yako. Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kila mwaka kufikia mwisho wa Aprili, na Katiba ya mwaka 2010 inataka wananchi washirikishwe kabla haujapitishwa. Kamati ya Fedha hupokea maoni ya mtu yeyote. Wanaoandika kwa wingi ni makampuni na mawakili wao. Nimemsikia mzazi mmoja akilalamika juu ya kikohozi cha mwanawe kwa mwaka mzima, lakini sijamsikia aliyekwenda kumwuliza mbunge wake: gesi na sola zitatozwa ngapi mwaka huu, na mpaka lini? Swali hilo huchukua dakika moja kuuliza. Liulizeni kabla ya Juni.